Inspekta Wingo Hakufika Westlands

Kuna aina ya riwaya ambayo India wanayo tele na sisi, pamoja na Wahindi wetu wa hapa Kenya, hatuna. Ni ile ya mauaji yanayotokea bendera mpya ikiwa bado ina mikunjo ya kiwandani, polisi wakiwa ni walewale wa mkoloni waliobadilishiwa tu nembo kwenye kofia, na wapelelezi wawili wakifukuzana na jambo moja huku kila mmoja akimchungulia mwenzake kwa wivu. Mfano wa karibu ni Midnight at Malabar House ya Vaseem Khan, iliyotoka 2020 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya riwaya za kihistoria ya chama cha waandishi wa hadithi za uhalifu Uingereza.

Tuko Bombay, usiku wa mwisho wa 1949. India ina uhuru wa miaka miwili na ushei, na baada ya wiki chache itakuwa jamhuri. Mwanadiplomasia Mwingereza anakutwa amekufa katika karamu iliyoandaliwa nyumbani kwake mwenyewe. Kesi inampata Inspekta Persis Wadia, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho, ambaye wakubwa wamemtupa katika kituo cha polisi wasiotakiwa kwingine. Anapewa wa kufanya naye kazi, Archie Blackfinch, Mwingereza anayejua mambo ya alama za vidole na vipimo. Hawa wawili wanaheshimiana, lakini wanashindana pia: mmoja anaijua nchi, mwingine anavijua vyombo. Halafu kuna mshindani wa tatu ambaye hana sura, nao ni ukubwa wenyewe, unaotaka faili lifungwe kabla magazeti hayajachemka. Mtu anapatikana, anakiri, na kila aliye juu anapumua. Persis hapumui.

Nilikisoma na kikundi chetu. Tuko kama kumi na wawili hivi, nusu tunatoka Kawangware na nusu Kibera, na tunakutana karibu na Olympic kwa sababu huko ndiko kuna chumba cha bure. Kitabu kilikuwa kimoja, kikazunguka miezi miwili. Mimi nilikuja na maswali yangu ya kihakiki kuhusu namna mwandishi anavyotumia Mgawanyiko wa 1947 kama kidonda kilicho nyuma ya kila mlango. Hakuna aliyeniuliza hayo. Kijana mmoja wa Laini Saba alifungua kikao kwa swali moja tu: "Huyo jamaa aliyekiri, alikiri akiwa amepigwa ama hajapigwa?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Msomaji wa London anamfuata Persis. Msomaji wa Laini Saba anamfuata yule aliyekamatwa. Anajua msako unavyokuwa: landi inaingia usiku, vijana wanapandishwa, asubuhi mmoja wao ana kesi. Kwake fumbo la riwaya si nani aliua. Anataka kujua huyu aliyeshikwa atatoka vipi.

Mwenzetu mwingine, mama wa Kawangware ambaye kwa miaka amefua na kupika katika nyumba za Wahindi kule Westlands, aliuliza la pili. Kama Wahindi wa Bombay wana hadithi kama hii, ya Wahindi wa Nairobi iko wapi? Hawakuuawa watu hapa?

Waliuawa. Na fumbo lenyewe lilitokea hukohuko Westlands.

Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965, Pio Gama Pinto alipigwa risasi ndani ya gari lake getini kwake. Bintiye mdogo alikuwa ndani ya gari hilo. Pinto alikuwa na miaka 37. Alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Nairobi, aliyesoma India na kurudi. Mkoloni alimweka kizuizini kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu, na hakumwachia huru hadi 1959. Baada ya uhuru alikuwa nguzo ya Pan African Press iliyotoa, miongoni mwa magazeti mengine, Sauti ya Mwafrika. Mwaka 1964 akaingia bungeni. Alikuwa upande wa Oginga Odinga, upande uliouliza ardhi ya walowezi inakwenda kwa nani. Siku tatu kabla yake, Malcolm X, ambaye walikuwa wamekutana naye Nairobi mwaka uliotangulia, alikuwa ameuawa New York.

Polisi waliwakamata vijana wawili haraka, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Thuo aliachiliwa. Kisilu alihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Jaji Mkuu Ainley, aliyesikiliza kesi, alionyesha wazi shaka yake kwamba wote waliohusika walikuwa wamefikishwa mbele yake. Faili likafungwa hivyohivyo, na shaka ya jaji ndani yake. Kisilu alitoka 2001 kwa msamaha wa Rais Moi, baada ya zaidi ya miaka 35, akiwa bado anasema hakuua.

Ukiwa mwandishi wa riwaya za upelelezi na ukasoma hayo usiruke kitini, badilisha kazi.

Mwaka huohuo wa 1965, East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao yake hapahapa Nairobi, lilichapisha Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla wa Tanzania. Humo kuna mauaji na kuna Inspekta Wingo, polisi mweusi wa nchi huru, mwerevu, safi, asiyekubali kulala mpaka muuaji apatikane. Nimeusoma ule mwendo wake mara nyingi na bado unanishika. Sentensi fupi, simu inalia, mtu anakufa, Wingo anavaa koti. Lakini ziweke hizo mbili pamoja, mwaka mmoja, mji mmoja wa uchapishaji. Kwenye karatasi inspekta wa Kiswahili anafumbua kila kitu. Kilomita chache kutoka hapo, inspekta wa kweli anafunga faili na jaji anatikisa kichwa. Wingo hakufika Westlands.

Si yeye peke yake. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, baba wa kundi hili lote, alizaliwa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya hamsini na kuchapishwa 1960. Bwana Msa ana kiko chake, ana rafiki yake Najum wa kumshangaa, na ana Inspekta Seif. Hapo ndipo palipo na ushindani mtamu zaidi katika riwaya ya Kiswahili: mwenye sare na asiye na sare, mmoja ana mamlaka na mwingine ana akili, na wote wawili ni waungwana kiasi kwamba ushindani wao unaishia kwenye kahawa. Abdulla aliendelea kuandika hadi miaka ya themanini. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliibomoa Zanzibar aliyokuwa anaiandika, lakini Bwana Msa aliendelea kutembea katika mji wa zamani kama kwamba hakuna aliyemwambia. Wahakiki wamemlaumu kwa hilo. Mimi nafikiri alijua alichokuwa anafanya. Upelelezi wa namna ya Bwana Msa unataka nchi ambayo ukweli ukishatajwa sebuleni, mhalifu anainamisha kichwa na polisi wanamchukua. Ukimweka katika nchi ambayo ukweli ukitajwa sebuleni anayechukuliwa ni mtajaji, kiko kinamzimikia mdomoni.

Nairobi ilikuwa nchi ya namna hiyo. Tazama J.M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975 na mwili wake kukutwa Ngong. Hapo wapelelezi washindani walikuwa wa kweli kabisa: polisi upande mmoja, kamati teule ya bunge chini ya Elijah Mwangale upande wa pili, kila mmoja akihoji mashahidi. Kamati iliandika ripoti, na kabla haijawekwa mezani majina mawili yakaondolewa. Mwaka 1990 akauawa Robert Ouko, tukamleta John Troon kutoka Scotland Yard, Blackfinch wetu huyo, akaja na vipimo vyake na akaondoka. Wapelelezi tumekuwa nao wengi. Wasomaji wa kuwaamini ndio waliotuishia.

Basi nani amelipeleleza lile geti la Westlands? Waandishi wachache, na wengi wao ni Wahindi wenyewe, jambo ambalo halisemwi vya kutosha.

Wa kwanza ni Ambu Patel, ambaye mwaka 1966, wakati wengi walikuwa wanapunguza sauti, alikusanya na kutoa kitabu kizima kumhusu Pinto na kumwita shahidi wa kwanza wa Kenya huru. Ujasiri wake hauna mfano. Lakini ni kitabu cha matanga. Kila anayesimama humo anasimama kumwaga sifa, na sifa ni kitu kizito sana kuweka juu ya maiti unayetaka kuichunguza. Shiraz Durrani, mwaka 2018, alitoa Pio Gama Pinto: Kenya's Unsung Martyr, na hicho ni kabati: barua, hotuba, kumbukumbu za jamaa na marafiki, makala za magazeti. Kila mtu anayetaka kuandika juu ya mambo haya atapita humo, na atoke na deni. Hata hivyo Pinto wa Durrani naye ni mtakatifu. Hakasiriki bila sababu nzuri, hamdanganyi mkewe kuhusu anakokwenda, hana rafiki wa kumtilia shaka. Fitz de Souza, wakili Mgoa aliyewahi kuwa katika utetezi wa Kapenguria na baadaye Naibu Spika, anakaribia zaidi katika kumbukumbu zake za 2019, kwa sababu yeye alikuwa ndani ya vyumba vyenyewe, na hofu ya siku zile bado inatetema katika usimulizi wake. Lakini de Souza ni mwanasheria hadi ukucha. Anajua tofauti kati ya anachojua na anachoweza kuthibitisha, na anabaki upande salama wa mstari huo.

Katika riwaya, aliye karibu zaidi ni M.G. Vassanji na The In-Between World of Vikram Lall ya 2003. Njoroge, rafiki wa utotoni wa Vikram, anauawa katika siasa zilezile zilizomla J.M. Vikram ni Mhindi wa Nakuru na Nairobi aliyeshika fedha za wakubwa na kuona yote. Sasa anasimulia akiwa mafichoni Kanada. Ni riwaya kubwa, naipenda, na inanikera. Vassanji ametupa Mhindi ambaye ni shahidi, hata mshiriki, lakini kamwe si mpelelezi. Anakumbuka, hachunguzi. Na yule Mwafrika anayempenda, Njoroge, kazi yake kubwa ni kufa ili Vikram awe na cha kukumbuka.

Na sasa kuna podikasti ya Until Everyone Is Free, ya April Zhu na Stoneface Bombaa wa Mathare, inayosimulia maisha ya Pinto kwa Sheng. Hii ndiyo iliyowafikia vijana wa kikundi chetu kabla ya kitabu chochote. Nimeisikiliza kwenye matatu ya 46, simu mfukoni, tukiwa tumekwama Valley Road, na nakiri kwamba hakuna hata ukurasa mmoja wa Durrani ulionipa ile hali ya kusikia mtu wa mtaa akimwita Pinto kana kwamba ni jamaa wa ploti ya pili. Stoneface anavuta ardhi ya 1964 mpaka inafika kwenye kodi ya nyumba ya mabati leo. Lugha yenyewe inafanya kazi ya upelelezi: ukilieleza jambo kwa Sheng, maneno ya heshima ya kufichia mambo hayapo, inabidi useme nani alichukua nini. Lawama yangu ni moja. Wasimulizi wana uhakika mno. Wanajua kabla hatujafika getini kwamba mfumo ndio ulioua, na mfumo ni mhalifu mzuri kwa hotuba, lakini hauwezi kuulizwa alikuwa wapi asubuhi ile.

Kinachokosekana kote ni shaka ya karibu, ile ambayo Vaseem Khan anaifanya kwa wepisi: shaka ya majirani. Hebu fikiria Februari 1965. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia 176,613 nchini Kenya. Katiba ya uhuru iliwapa wasiokuwa raia moja kwa moja miaka miwili ya kujiandikisha, yaani hadi Desemba 1965. Kwa hiyo Pinto anauawa imebaki miezi kumi tu. Katika kila nyumba ya Parklands, Ngara, Pangani na Westlands kuna mjadala wa chai: tuchukue pasipoti ya Kenya au tubaki na ya Mwingereza? Halafu Mhindi aliyechagua Kenya kuliko wote, aliyefungwa kwa ajili yake, anapigwa risasi getini. Watu walijibu nini mezani jioni ile? Nani alipeleka fomu kesho yake na nani alirarua? Nani alisema, polepole, kwamba alijitakia kwa kujiingiza katika mambo ya watu? Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zilikuja baadaye, na foleni za uwanja wa ndege za 1968 pia. Emma, mjane wake, alihamia Kanada na mabinti zao 1967. Joseph Murumbi, rafiki yake aliyekuwa nusu Mgoa nusu Mmaasai, alipanda hadi Makamu wa Rais 1966 na akajiuzulu mwaka huohuo. Sasa amelala karibu na Pinto, City Park. Hiyo ni jamii nzima iliyojaa siri, na hakuna mpelelezi hata mmoja wa kubuni aliyewahi kubisha mlango wake.

Nilipoyaeleza haya pale Olympic, aliyeitikia kwanza hakuwa kijana. Ni mzee Mnubi wa Makina anayekuja mara mojamoja na kukaa karibu na mlango. Alisema kwamba hiyo ya pasipoti anaielewa bila kufundishwa. Wanubi waliletwa na jeshi la Mwingereza kutoka Sudan, wakapewa Kibera, wakazaliwa na kuzikwa hapo, na bado mjukuu akienda kutafuta kitambulisho anaulizwa babu yake alitoka wapi. "Mwaka 2017," alisema, "Wahindi wamefanywa kabila la arobaini na nne, sisi tumepewa hati ya ekari mia mbili themanini na nane. Mwaka mmoja. Nikasema haya, wote tumefika leo." Alicheka peke yake. Ukinipa mzee huyo kama mhusika katika riwaya ya 1965, akiwa kijana, msaidizi wa inspekta, anayesikia Kihindi kidogo cha dukani na Kiswahili chote, nina uhakika nitamaliza kitabu kwa usiku mmoja.

Kijana wa Laini Saba hakushawishika. Kwake kitabu hicho, kama kitaandikwa, ni cha Kisilu. Alitoa hesabu: 1965 hadi 2001. Persis Wadia, alisema, anamwamini mtu aliyekiri kwamba si yeye, na kwa kurasa mia tatu anapigana. Kisilu alisubiri Persis miaka thelathini na tano. Hapo nilimwambia kwamba hata Marekani, katika kesi ya Malcolm X, wanaume wawili walifutiwa hatia Novemba 2021, mmoja akiwa tayari amekufa. Aliniangalia kama kwamba nimemtetea mtu. "Angalau wao walifungua faili, bro."

Ana haki, na kihakiki pia ana haki. Riwaya za upelelezi zina desturi ya kumtumia mshukiwa wa kwanza kama ngazi: anakamatwa sura ya nne, anaachiliwa sura ya kumi na nane, hatumwoni tena. Khan mwenyewe haepuki desturi hiyo. Yule aliyekiri anapata utu kiasi cha kutosha kumsumbua Persis, si kiasi cha kutosha kutusumbua sisi. Riwaya ya Pinto ikifuata njia hiyo itakuwa imemfunga Kisilu mara ya pili. Itabidi mpangilio wenyewe uvunjwe: upelelezi uendelee nje na miaka iendelee ndani, Kamiti, na msomaji abebe vyote viwili kwa wakati mmoja. Sijaona riwaya ya Kiswahili iliyojaribu hivyo. Wingo ana haraka, Bwana Msa ana starehe. Anahitajika mtu mwenye subira mbaya.

Wawili wa kikundi wameanza kuandika. Kuna sura moja, kwa mkono, kwenye daftari la shule, inayoanza na mfanyakazi wa nyumba ya jirani akisikia mlio na kuzima jiko kabla ya kutoka. Wazo la kuzima jiko ni la mama wa Kawangware; anasema mtu asiyejua kazi hiyo angemfanya atoke mbio, lakini chakula cha tajiri kikiungua, hata siku ya mauaji, ni mshahara wako. Tulichogombania wiki iliyopita ni mpelelezi. Kijana anataka awe mwanamke wa Kihindi, karani wa gazeti la marehemu, na asiwe karao hata kidogo. Mama anataka awe inspekta wa polisi, Mwafrika, aliyepandishwa cheo juzi na Mzungu aliyekuwa anaondoka.

"Akiwa si polisi," alisema, "faili atalionea wapi?"

"Na akiwa polisi," kijana akamjibu, "si atalificha, mathe?"

Tumekubaliana kuwaweka wote wawili, na wasiambiane kitu mpaka sura ya tano.